Ganzi ya Baba Njoki

Mkinikuta kanisani nimefumba macho wakati wa mahubiri, msidhani nasinzia. Anayesinzia ni mzee wa safu ya mbele yangu, nami namhesabia pumzi. Nimekaa miaka mingi upande wa kichwani pa watu waliolala, nikisikiliza hewa ikiingia na kutoka. Nimestaafu, lakini masikio hayajapata barua. Hata mchana, nikiwa kwenye roshani yangu hapa Mowlem, nguo zikipepea kwenye kamba za ghorofa zote, namsikia mtoto wa jirani amelala chumba cha pili na najua ana mafua.

Nyinyi mnaoanza kazi hii mmeniomba niandike kuhusu dawa ya usingizi. Nitaandika, ila msitarajie mpangilio. Mambo yananijia jinsi mgonjwa anavyozinduka thieta: kwanza sauti, halafu mwanga, halafu maumivu, na jina lake mwenyewe mwisho kabisa.

Nilianza kama muuguzi wa wodi, kabla sijaenda kusomea usingizi. Wodini wagonjwa walinipa jina la Sista Fasta, na nililipenda, nisiwadanganye. Sindano ya maumivu siku hizo ilikuwa pethidini, na mgonjwa alidungwa kila baada ya saa sita. Saa sita ni ndefu sana kwa mtu mwenye kidonda. Mimi nililelewa chumba kimoja na mama aliyeumwa miaka, pazia katikati, na kilio cha mtu mzima kilikuwa kinanikata maini. Kwa hivyo mgonjwa akianza kuguna saa ya tano, mimi nilikuwa nimeshafika na trei. Siku alizoandikiwa zikiisha, nilimfuata daktari kwenye korido nikamwomba aongeze. Wodi yangu ilikuwa kimya kabisa. Matroni alikuwa akileta wageni waione.

Aliyenifundisha kazi ya usingizi alikuwa Bwana Mukhwana, mtu wa Kakamega, mnene, mpole, anayevaa sweta chini ya gauni la thieta hata jua likiwaka. Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kumlaza mgonjwa, alimwinamia na kumwambia, "Chagua pahali pa kwenda. Nauli ni yangu." Watu walicheka wakalala wakicheka. Niliiba desturi hiyo na sijawahi kuirudisha. Kuna mama mmoja, muuza omena wa soko la Kariobangi, alichagua kwenda kwa nyanya yake. Alipozinduka alinikasirikia kweli kweli, kwa sababu nilimwamsha uji ukiwa ndio unaepuliwa jikoni. Alinuna mpaka jioni. Mimi mwenyewe nilikaa siku nzima nikiufikiria uji huo, na moshi wa jiko la mtu nisiyemjua.

Bwana Mukhwana ndiye aliyeniambia, "Tabitha, kumlaza mtu ni kazi ya dakika. Jiulize ataamka nani." Nilidhani anatania, maana alikuwa mtu wa kutania kutwa. Nilicheka, nikaendelea kuvuta dawa kwenye sindano.

Jambo lingine alilonifundisha lilihusu matumbo. Utumbo ukishikwa na mikono ya daktari unasusa. Unalala, haufanyi kazi. Halafu sisi tunakuja na pethidini na mofini, dawa ambazo kazi yake nyingine ni kuulaza utumbo huo huo. "Wewe unautandikia kitanda na kuufunika blanketi," aliniambia, "halafu unashangaa mbona hauamki." Mgonjwa anafura tumbo, anatapika, hali, anakaa wiki nzima tunasubiri upepo utoke. Ndiyo, upepo huo huo mnaoucheka. Katika wodi ya upasuaji ndio ujumbe mzuri kuliko wote, na daktari anauliza habari zake kwa heshima kama anayeuliza hali ya wazazi.

Hapo nami nilikosea. Tulikuwa na mchungaji mmoja kutoka upande wa Bungoma, amekatwa kipande cha utumbo. Kila asubuhi anaulizwa, "Mchungaji, umetoa hewa?" Anajibu, "Bado." Siku ya kwanza bado, ya pili bado, ya tatu bado. Tumbo ukiligusa ni laini, lakini yeye anasema bado. Daktari akaanza kuzungumzia kumrudisha thieta kumfungua tena. Mimi nilikuwa nakubali kwa kichwa, naandika. Siku hiyo mama mkwe wake, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha kando ya kitanda tangu juzi akimwombea, alitoka kwenda kununua chai. Mchungaji akanishika kiganja. "Sista," akanong'ona, "tangu juzi. Lakini ningesemaje mbele ya mkwe?" Nusura tumpasue mtumishi wa Mungu kwa sababu ya adabu. Tangu siku hiyo siulizi swali hilo kabla ya kuwatoa wakwe wodini, na nyinyi msiulize.

Sasa niwaambie kuhusu ganzi.

Ganzi mnaijua, ile ya kung'olewa jino. Sisi wa zamani tuliitumia kwa vidonda vidogo na kwa akina mama wa upasuaji wa kujifungua. Kuiweka kwenye ukuta wa tumbo ili mtu aliyekatwa utumbo asihitaji mofini nyingi, hilo niliambiwa na msichana. Daktari Mueni alikuja hospitalini kwetu nikiwa nimebakisha miaka michache kustaafu, mdogo kiasi kwamba walinzi walimwuliza anamtembelea nani. Alikuja na mashine ya picha, ile tuliyozoea kuangalia mtoto tumboni. Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa mzee wa reli aliyestaafu, wa Donholm. Alipoona mashine inasogezwa tumboni kwake, alimtazama daktari, akanitazama mimi. "Mkipata ni wasichana," akasema, "msimwambie mke wangu."

Ukuta wa tumbo una tabaka za misuli, moja juu ya nyingine. Kwenye picha zinaonekana kama mistari inayong'aa gizani. Sindano inaingia pole pole mpaka katikati ya tabaka mbili za ndani, panapopita mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu. Ukisukuma dawa pahali penyewe, tabaka zinaachana, kama unavyopuliza mfuko wa mkate ulioshikana ukafunguka. Usipoona zinaachana, simama, uko pahali pengine. Vuta nyuma kabla ya kusukuma, kila mara, hata kama umefanya mara elfu, kwa maana ganzi ikiingia kwenye damu inaenda kwa moyo. Na kama mgonjwa yuko macho, ongea naye. Akikuambia midomo inamchonyota, masikio yanalia, au anasikia ladha ya chuma mdomoni, toa sindano na umwite mkubwa wako. Dawa yenyewe ni ile inayokaa saa nyingi, na tukiacha mrija mwembamba ndani tunaweza kuiongeza siku mbili tatu. Haiondoi maumivu yote. Yale ya ndani kabisa ya utumbo yanabaki, lakini yale ya kidonda, ambayo ndiyo makali, yanakaa mbali, na mgonjwa anakaa kitandani macho yakiwa macho yake.

Nilibisha mwanzoni. Nilimwambia Daktari Mueni kwamba mimi nimewalaza watu kabla hajazaliwa. Alinijibu, "Najua, Mama. Ndiyo maana nataka mikono yako." Kwa jibu kama hilo ungefanya nini? Nikajifunza.

Baba Njoki alikuja mwaka huo.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Kariobangi, mrefu, mkimya, kofia mkononi. Alikuwa na uvimbe kwenye utumbo mpana, na daktari alisema ukitolewa sasa atapona, ukiachwa utasambaa. Upasuaji ulikuwa kesho yake. Nilienda kumwona mchana, kama tunavyofanya, nikamkuta na mkewe, Mama Njoki, mwanamke wa Murang'a mwenye kitambaa kichwani na uso usiocheka ovyo. Nikauliza maswali yangu ya kawaida. Una pumu? Umewahi kulazwa? Umewahi kupewa dawa ya maumivu ikakusumbua?

"Hiyo ndiyo shida yenyewe," akasema mkewe.

Baba Njoki alikunja mkono wa shati. Kovu la moto lilitoka kwenye kiwiko hadi begani, limejikunja karibu na kwapa mahali ngozi ilipokataa kushika. Akaniambia kwamba miaka ya nyuma alikuwa akikata pipa lililokuwa limebeba mafuta, na halikuwa limeoshwa vizuri. Alilazwa wiki nyingi hospitali nyingine. Alidungwa pethidini kila siku. "Walikuwa wazuri sana," akasema. "Nikiguna tu, sindano imefika." Alipotoka, kidonda kilikuwa kimepona na yeye alikuwa anaitaka sindano. Aliitafuta mitaani kwa watu wasio madaktari. Mkewe alimchukua Njoki akarudi kwao. Miaka mitatu alikuwa, kwa maneno yake, "mtu wa kulala tu, sikuwa hapa." Wanaume wa kanisa lake walimtoa huko kwa kumfungia, kumlisha na kumsindikiza kazini asubuhi na kumrudisha jioni, kwa zamu, mwaka mzima.

Mimi nilikuwa nimeshaacha kuandika. Lile kovu la kwapani nililijua. Nilikuwa nimelifunga bandeji kila asubuhi, wiki baada ya wiki, katika hospitali hiyo hiyo, kwenye ile wodi yangu ya kimya. Yeye hakunitambua, na angenitambuaje? Nilikuwa msichana mwembamba, na yeye nilikuwa nimemlevya.

"Sista, mimi nasema wazi," akaendelea. "Kama ni lazima mnidunge ile kitu, afadhali nirudi nyumbani na huu uvimbe. Huu utaniua mara moja."

Mama Njoki hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Nilirudi mara moja," akasema. "Sina nguvu ya kurudi mara ya pili."

Nilitaka kumwahidi kwamba hatapata hata tone. Ulimi ulikuwa umeshafika hapo. Lakini nimewaona wengi waliotiwa moyo na ahadi za wodini zisizotimizwa, nikajizuia. Nikawaambia tutaweka ganzi pande zote mbili, na mirija, na nitaiongeza mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Atapewa dawa nyingine za kawaida za maumivu kwa saa zake, aombe asiombe. Thieta nitatumia kidogo kadiri inavyowezekana, na nikimaliza nitamwambia nimetumia nini. Na sindano ya mofini haitamfikia kitandani mpaka yeye na mkewe wakubali kwa mdomo. Walitazamana. Akatia sahihi.

Sikuwaambia mimi ni nani. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili yake, asiingie thieta na hofu. Si kweli. Niliogopa.

Asubuhi nilimwinamia nikamwambia achague pahali pa kwenda. Alifikiri sana, mpaka Daktari Mueni akatazama saa. "Hapa hapa tu," akasema. Basi nikamlaza hapo hapo.

Daktari wa upasuaji alikata, akaunganisha, nasi tukaweka ganzi kabla mgonjwa hajazinduka. Niliziona kwenye picha tabaka zikifunguka, nyeusi katikati ya mistari miwili inayong'aa, na kwa muda nikasahau sauti zote chumbani. Alipozinduka alitaja jina la mkewe, kisha akasema, "Niko hapa," mara mbili tatu. Jioni hiyo alikaa kitandani. Kesho yake alitafuna chingamu tuliyompa kuuchokoza utumbo, akatembea hadi dirishani na kurudi, ameshika tumbo. Nilikuwa nikipita kuongeza dawa kwenye mirija nikamwuliza kama anasikia ladha ya chuma. "Mimi ni fundi wa chuma," akasema. "Hiyo ladha ninayo tangu ujana." Nikacheka, naye akafurahi kwamba amenichekesha.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, wanaume wa kanisa lake walikuwa wanakuja kumwona. Mama Njoki hakutaka wamkute mumewe kifua wazi. Alimvisha fulana safi, iliyopigwa pasi, akimwinua upande mmoja kisha mwingine. Hakuna aliyeona mrija wa kushoto ukichomoka. Wageni waliimba, wakaomba, wakaenda. Haikupita muda Baba Njoki akaanza kutoka jasho.

Niliitwa na Atieno, muuguzi mdogo wa zamu, mtoto wa Umoja, mkarimu mpaka anachosha. "Sista, huyu msee anaumia mob," aliniambia mlangoni, machozi yakimlengalenga. "Na maze hataki kuitisha dawa." Nilipofunua fulana nikauona mrija umelala juu ya shuka, mkavu. Kuurudisha kulihitaji ile mashine ya picha, na mashine ilikuwa wodi ya wazazi, mama mmoja anaangaliwa mapacha, na nyuma yake wako watatu. Nilijaribu kupiga simu. Wakasema nisubiri.

Atieno alikuwa ameshavuta mofini kidogo kwenye sindano, kwa amri ya daktari, kipimo kidogo kabisa, na amesimama na trei. Baba Njoki aliitazama ile trei. Sijui niwaambieje alivyoitazama.

"Sista," akaniambia, meno yameumana. "Wewe ni mtu mzima. Niambie ukweli. Hiyo kidogo itamwamsha yule mtu wa miaka ile?"

Ningemjibu kwa maneno ya vitabu. Kwamba kipimo kidogo kwa siku moja, mtu akiwa anaumia kweli, si sawa na wiki nyingi. Ni kweli, na nawaambia nyinyi pia, msije mkamnyima mgonjwa dawa kwa sababu ya hadithi yangu. Mofini ina kazi yake, na mtu anayeteseka bure hana tuzo. Lakini aliniomba ukweli, na mimi nilikuwa nimebeba mwingine.

"Sidhani," nikasema. "Lakini mara ya kwanza sikujiuliza. Ni mimi, Baba Njoki. Ile wodi uliyolazwa ulipoungua. Ni mimi niliyekuwa nakudunga."

Alifumba macho. Atieno alishusha trei. Mama Njoki alisimama kutoka kwenye kiti, na nilidhani atanipiga kofi, na nilikuwa tayari. Hakunipiga. Alisema neno moja, bila kupaza sauti.

"Toka."

Nikatoka. Nilishuka hadi wodi ya wazazi, nikasimama mbele ya daktari wao na kumwambia siondoki bila mashine, na kama anataka kuniandikia barua aandike, nimebakisha miezi. Akanipa. Niliisukuma mwenyewe korido nzima, gurudumu moja linavuta kushoto, na jua la alasiri lilikuwa linaingia kwa madirisha ya juu, vipande vyeupe sakafuni, nami napita kimoja baada ya kingine. Sikumbuki nilikuwa nafikiri nini. Nakumbuka vile vipande vya jua tu.

Nilipofika, Atieno aliniambia walikubali. Alikuwa amempa Baba Njoki ile kidogo, mkewe amemshika mkono. Uso wake ulikuwa umelegea, lakini maumivu yalikuwa bado yanamkunja. Mama Njoki alikuwa amegeukia dirisha. Nikamwuliza Baba Njoki kama ataniruhusu nimguse, au nimwite Daktari Mueni, ambaye alikuwa thieta na mgonjwa mwingine. Alivuta fulana juu mwenyewe.

"Dunga," akasema.

Mikono yangu ilitulia, Mungu alinisaidia hapo. Tabaka zikaachana. Nikakaa pale kwenye ukingo wa kitanda nikiangalia paji lake la uso likikunjuka pole pole, kwa muda wa kama kupika ugali na mboga. Mrija nikaushona safari hii.

Hakuhitaji mofini tena. Jumamosi asubuhi, wakati Atieno anatandika kitanda cha jirani, utumbo wa Baba Njoki ulitoa taarifa, na wodi nzima, wanaume kumi na mmoja waliopasuliwa, walimpigia makofi huku wameshika vidonda vyao. Alikunywa supu. Kwa daktari alikuwa amepona. Ningeweza kuishia hapo, na wengi wanaoandika habari za kazi zao wangeishia hapo.

Lakini kila mtu katika pembe ile ya wodi alikuwa anasubiri jambo jingine. Mkewe alikuwa anamtazama anapoamka, anamtazama anapotazama saa. Ameonja ile kitu. Je, itamwita? Mama Njoki hakuniuliza. Tangu lile neno moja hakuwa amesema nami, nikipita aligeuza uso, na sikumlaumu.

Jumapili, saa za kuwaona wagonjwa, nilikuwa mwisho wa wodi naangalia chati. Mama Njoki alikuja moja kwa moja kutoka ibadani, amevaa viatu vya kanisani, vyeusi, vya kisigino kigumu. Aliingia mlangoni na kutembea kwenye sakafu ya saruji, ko, ko, ko, na nikamwona Baba Njoki akibadilika. Alikaa wima. Alitokwa na jasho. Mkono wake wa kovu ulijinyoosha wenyewe juu ya shuka, kiganja kimetazama juu, tayari.

Mkewe alisimama katikati ya wodi.

"Ni nini?" akauliza. "Baba Njoki, ni nini?"

Aliutazama mkono wake kana kwamba si wake. Halafu akanitafuta kwa macho. "Sista. Njoo."

Nikaenda.

"Uso wako sikuukumbuka," akaniambia. "Nilikuwa nasikia viatu. Ulikuwa na viatu kama hivyo. Nilikuwa nikivisikia mlangoni, mate yananijaa mdomoni kabla hujafika. Nilikuwa navipenda kuliko mke wangu. Kuliko mtoto." Alisema hivyo mkewe akisikia. "Na nyumbani mke wangu anavivua mlangoni, sikuwahi kujua kwamba bado vinaniita."

Nilisema pole. Ni neno dogo, lakini ndilo nililokuwa nalo, na nililisema huku nalia, mbele ya wodi nzima.

"Sitaki pole," akasema, bila ukali. "Nataka utembee."

Sikuelewa. Mimi nilikuwa nimevaa makubazi ya mpira ya thieta, hayana sauti. Alimtazama mkewe, miguuni. Mama Njoki alisimama pale muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko upasuaji wowote. Kisha akainama, akavua viatu vyake, akaviweka sakafuni mbele yangu, akabaki na soksi.

Vilikuwa vidogo kwangu. Nilivilazimisha. Baba Njoki akaniambia nichukue trei, nikachukua. Nikaenda mpaka mlangoni, nikageuka, nikaanza kutembea kuelekea kitandani kwake jinsi nilivyokuwa nikitembea nikiwa msichana, haraka, ko, ko, ko. Alimeza mate. Akasema, "Tena." Nikarudi mlangoni. Wagonjwa na wageni wao walikuwa wananitazama, chupa za chai mikononi. Nilitembea mara ya tatu, ya nne, vidole vinawaka moto, mama mzima wa umri wangu, na trei ambayo haina kitu. Mara ya sita au ya saba, sikuhesabu, niliona mkono wake umekunjika na kurudi chini ya shuka. Alikuwa ananitazama usoni.

"Ni viatu," akasema. Akavuta pumzi. "Mama Njoki, ni viatu tu."

Nikaketi kwenye kile kiti cha wageni. Nikajaribu kuvivua, vikagoma, miguu ilikuwa imevimba ndani. Mama Njoki alinitazama nikihangaika. Kisha akapiga magoti kwenye saruji, akanishika kisigino kwa mkono mmoja, akakivuta kimoja, akakivuta cha pili, akaona damu kwenye soksi zangu.

"Umeumia," akaniambia.